Mwili wa Mtoto Si Mkaidi

Wazazi wengi wanaoniletea mtoto aliyefunga choo huanza na mashtaka kabla ya kutaja dalili. "Huyu ni mkaidi, daktari. Anabana makusudi." Mimi ni mfiziotherapia, si daktari, lakini hapa Mbalizi kila aliyevaa koti jeupe huitwa hivyo, na mama aliyetoka Ilembo alfajiri, akabanana na magunia ya viazi hadi kituoni, hana haja ya kufundishwa vyeo vyetu. Ninachotaka aondoke nacho ni kitu kimoja: mwanawe hana kesi ya kujibu.

Nalisema hili kama mtu wa tiba, na nalisema pia kama mzee wa kanisa katika ushirika wa Moravian, maana shtaka lenyewe ni la dini zaidi kuliko la tiba. Mtoto wa miaka sita anakaa siku tano, siku saba, bila kupata haja kubwa. Tumbo limejaa. Haja ikimjia anasimama kwa ncha za vidole, anakaza makalio, anapishanisha miguu, anajificha nyuma ya mlango huku uso umemwiva. Baadaye nguo inachafuka. Mzazi anaona kwa macho yake mwenyewe mtoto akikataa jambo ambalo hata kichanga analiweza, na moyoni anauliza swali ambalo wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu yule mtu aliyezaliwa kipofu, katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana: aliyetenda dhambi ni nani hapa, huyu au wazazi wake? Wengine hawaulizi tena, jibu wanalo tayari. Mtoto anachapwa. Au anapelekwa kuombewa.

Kabla ya kujibu swali hilo inabidi tuutazame mwili wenyewe, bila haraka na bila aibu.

Njia ya haja kubwa ina misuli miwili ya kubana, mmoja ndani ya mwingine. Ule wa ndani hausikilizi amri ya mtu. Haja ikifika, unalegea wenyewe. Wa nje uko chini ya hiari yetu, ndiyo maana mtu mzima anaweza kuvumilia hadi basi lifike Tunduma. Juu kidogo kuna msuli mwingine unaopita nyuma ya utumbo na kuuvuta mbele, njia ikapinda. Mtu akichuchumaa na kulegea, njia inanyooka. Misuli hii ni sehemu ya ile iliyotanda chini ya nyonga yote, inayobeba kibofu na utumbo, na kwa mwanamke kizazi pia. Sisi tunaiita sakafu ya nyonga.

Sasa mtoto anapata choo kigumu mara moja tu. Huenda alikuwa na homa akakosa maji mwilini. Huenda ameachishwa ziwa akaingia kwenye uji mzito, au ameanza shule na choo cha shule kinamtisha. Kile choo kigumu kinamchana. Siku ya pili haja ikija anakumbuka, anabana. Kinyesi kikikaa, utumbo mpana unaendelea kukinyonya maji, kinakauka na kukua. Siku kikitoka kinauma kuliko kile cha kwanza, na mtoto anakuwa amepata ushahidi kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Wiki zikipita, sehemu ya mwisho ya utumbo inapanuka na hisia zake zinafifia, hata ile haja yenyewe haisikii. Kinyesi laini kinachotoka juu kinapenya pembeni ya kile kigumu na kuvuja. Huyo ndiye mtoto anayenuka darasani, na mwenyewe hajui ameanza kunuka saa ngapi. Nyumbani wanadhani anahara, wanampa dawa ya kuzuia kuharisha, na hali inazidi kuwa mbaya.

Katika watoto wanaofunga choo kwa muda mrefu, takriban 95 kati ya 100 hawana hitilafu ya kuzaliwa wala ugonjwa mwingine uliojificha nyuma yake. Wale wachache waliobaki ndio ninaowatafuta kwanza: ambaye baada ya kuzaliwa zilipita saa 48 bila kupata choo cha kwanza, ambaye tumbo linavimba na uzito hauongezeki, ambaye miguu yake ni dhaifu au ana kishimo chenye nywele juu ya makalio, kwa kuwa huenda uti wa mgongo haukufunga sawasawa. Hao wanapanda kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya bila kusubiri mazoezi yangu. Na wapo ambao hofu yao ya sehemu ile ina chanzo kinachopaswa kufika dawati la jinsia na watoto la polisi siku hiyo hiyo. Mchungaji anayesoma haya ajue kwamba mtoto wa namna hiyo akichapwa kwa ukaidi, anaumizwa mara ya pili na watu waliopaswa kumlinda.

Lakini nirudi kwa wale wengi, wale ambao hawana ugonjwa mwingine. Kwao swali la dhambi linabaki pale pale, tena linakuwa kali zaidi. Kama mwili wake ni mzima na msuli uko chini ya hiari yake, kwa nini haachii?

Aliyeliwaza jambo hili kwa undani kuliko wote ninaowajua ni Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo uko Algeria. Katika kitabu cha 14 cha *Mji wa Mungu* anaeleza habari za watu wanaoweza kuamuru viungo ambavyo wengine hatuwezi: wapo wanaochezesha masikio, na anawataja bila kusita hata wale wanaotoa sauti kwa njia ya nyuma wapendavyo, kama wanaimba. Hoja yake ni kwamba hapo mwanzo mwili ulikuwa ukimtii mwanadamu hivyo kwa kila kitu. Mwanadamu akamwasi Mungu, na adhabu yake ikawa kuasiwa na mwili wake mwenyewe. Na katika kitabu cha 8 cha *Maungamo* anashangaa jinsi roho inavyouamuru mkono ukatii mara moja, lakini ikijiamuru yenyewe inapingwa.

Namheshimu Augustino kwa kutoona haya kuupeleka utumbo kwenye teolojia. Hata hivyo siwezi kwenda naye hadi mwisho wa hoja yake, na walionizuia ni watoto. Nikiweka mkono juu ya tumbo la mtoto aliyefunga choo na kumwambia asukume, naona tumbo likisukuma na sakafu ya nyonga ikikaza kwa wakati mmoja. Anasukuma kwa nguvu zote na anafunga kwa nguvu zote, huku machozi yanamtoka kwa kujitahidi kunitii. Huyo hajaasi. Na msuli wake nao haujaasi. Uko kama mlinzi aliyeambiwa usiku wa vurugu asimfungulie mtu yeyote lango, na kulipokucha hakuna aliyekumbuka kwenda kumwambia kwamba vurugu zimekwisha. Anayempita mchana kweupe akamkuta ameng'ang'ania komeo atamwita mkaidi, ilhali yeye anatimiza neno la mwisho alilopewa. Ukimpiga, umemthibitishia kwamba vurugu bado zipo.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali ni hili: mwili wa mtoto huyu umekuwa mwaminifu kupita kiasi. Umeyashika maumivu ya zamani kama agano. Na jambo linalofuata hapo ni gumu, kwa mzazi na kwa mhubiri pia. Huwezi kumwamuru mtu alegee. Amri yoyote ya kulegea inaongeza ukazaji. Jaribu kumwambia mtu aliyekosa usingizi alale sasa hivi. Hiari yetu ina uwezo mkubwa wa kukaza, kushika, kuvumilia, kusukuma. Uwezo wake wa kuachia ni mdogo, na mara nyingi unapita njia ya kando.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuondoa maumivu, na hiyo ni kazi ya dawa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2014 na vyama vya madaktari wa tumbo na ini kwa watoto vya Ulaya na Amerika Kaskazini unaitaja kwanza dawa iitwayo polietilini glikoli, na pale isipopatikana, laktulosi, ile ya maji matamu ambayo ndiyo ninayoiona zaidi mikononi mwa wazazi wangu. Mazoezi yanaanza baada ya choo kulainika. Kuyaanza kabla ni kumwomba mtoto aamini kwamba haitauma huku bado inauma, na huo ni uongo hata ukisemwa kwa sauti ya upole.

Nieleze kidogo ninavyofanya, kwa sababu watu wakisikia mazoezi ya sehemu zile wanawaza mambo ya ajabu. Bibi mmoja wa Isuto alipomleta mjukuu wake wa kike, alikaa mlangoni na mkoba magotini, tayari kuondoka naye. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Utamvua?" Nikamwambia hapana, atabaki na nguo zake, na wewe utakaa hapa hapa. Mtoto akakaa kwenye kigoda, nyayo zote mbili chini, magoti juu kidogo ya nyonga. Niliviringisha kitenge kikawa kigumu, nikakiweka chini yake kwa urefu, ili kila sakafu ya nyonga ikipanda au ikishuka aisikie mwenyewe bila mtu kumgusa. Kisha nikampa chupa ya maji iliyojaa nusu, na mrija. Kazi yake ilikuwa moja: apulize taratibu, mapovu yatoke bila kukatika, huku mkono wake mwenyewe uko tumboni ukisikia tumbo linavyotoka nje.

Sikumwambia alegeze. Hilo neno silitumii katika chumba kile. Mtu anapopuliza polepole kwa koo lililo wazi, kiwambo cha pumzi kinafanya kazi yake, msukumo wa tumbo unakwenda chini, na sakafu ya nyonga inashuka bila kuombwa. Mwanzoni mapovu yake yalikatika katika, kwa sababu alikuwa akipuliza na kukaza. Bibi alianza kumhimiza, "Kaza, mama, kaza!" Nikamwomba bibi naye apulize. Tukaleta chupa ya pili. Wakapuliza wote wawili, bibi macho yamemtoka kwa umakini, na ghafla mtoto akanitazama akasema kitenge kimeshuka. Kitenge hakikuwa kimeshuka. Kilichoshuka kilikuwa ndani yake, na kwa mara ya kwanza alikuwa amekisikia.

Mengine ni ya nyumbani. Kila baada ya chakula cha asubuhi na cha jioni, utumbo unapoamshwa na tumbo lililojaa, mtoto akae chooni au kwenye poti dakika tano hadi kumi, miguu imekanyaga kitu, apulize. Asiulizwe "umepata?" kwa sauti ya polisi. Asifiwe kwa kukaa, maana kukaa ndiko kulikoko katika uwezo wake.

Huko Uholanzi kazi hii imepimwa vizuri kuliko mahali pengi. Mwaka 2017 walichapisha utafiti wa watoto 53 wenye umri wa miaka 5 hadi 16: waliopata fiziotherapia ya nyonga juu ya matibabu ya kawaida, 92 kati ya kila 100 walifanikiwa, ilhali kwa wale wa matibabu ya kawaida peke yake walikuwa 63. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa huko huko, wa watoto 134 waliotibiwa kwa madaktari wa kawaida wa mitaani, haukuona tofauti kwa watoto wote kwa ujumla. Ndiyo maana simpi kila mtoto mazoezi haya. Mtoto ambaye dawa, maji na ratiba vinamtosha, vimtoshe. Wanaonihitaji ni wale waliosahau kabisa namna ya kuachia.

Hapa Tanzania sakafu ya nyonga inajulikana zaidi kwa habari ya wanawake, hasa waliofanyiwa upasuaji wa fistula, kazi ambayo hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imeifanya kwa miaka mingi. Hata dunia nzima ndivyo ilivyokuwa: mwaka 1948 daktari Mmarekani Arnold Kegel aliandika kuhusu mazoezi ya kukaza misuli hiyo kwa wanawake waliozaa, na hadi leo jina lake limekaa kwenye mazoezi hayo. Mazoezi ya kuachia hayakupata jina la mtu. Sidhani ni bahati mbaya. Tunaona nguvu mahali pa kukaza. Mahali pa kuachia tunaona udhaifu, na makanisa yetu yana nyimbo nyingi za vita kuliko za kupumzika.

Wengine watasema choo si mahali pa kuzungumzia Mungu. Wasome sura ya 23 ya Kumbukumbu la Torati, ambapo watu wa Israeli wanaagizwa kila mmoja awe na kijembe cha kuchimbia na kufukia haja yake nje ya kambi, na sababu inayotolewa ni kwamba Mungu mwenyewe anatembea katikati ya kambi ile. Wayahudi hadi leo wana sala ya kushukuru baada ya kutoka chooni, kwa kuwa Mungu aliumba ndani ya mwanadamu matundu na njia, na kimoja kikiziba hakuna awezaye kusimama mbele zake. Muuguzi ninayefanya naye kazi ni Mwislamu. Yeye huomba kinga anapoingia, kwa mguu wa kushoto, na msamaha anapotoka, kwa wa kulia, na amenieleza kwamba wamefundishwa wasisimame kuswali huku wamebana haja, kwa sababu moyo hauwezi kuwa mahali pawili. Mtume wao aliliona hilo. Na sisi Waprotestanti tunaye Martin Luther. Alipofichwa katika ngome ya Wartburg mwaka 1521 alifunga choo kwa miezi, akawaandikia rafiki zake waziwazi juu ya maumivu yake na damu, na mmoja wao, Spalatin, akampelekea vidonge. Katika ngome hiyo hiyo alitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Hakuna aliyemwambia kwamba utumbo wake ni ushahidi wa kukosa imani.

Lakini kwa mtoto tunalisema hilo. Niliwahi kuona mtoto wa kiume, mdogo wa mwili, ameshikwa mabega na watu wazima katika maombezi, kichwa kimeelekezwa juu, na kila mtu anapaza sauti: "Mwachie! Toka! Mwachie!" Walimpenda, mama yake alikuwa amefunga siku nzima kwa ajili yake. Mimi naamini maombi, na hapa sina neno dhidi ya anayeomba. Nasema juu ya zile kelele. Walikuwa wanadai kwa sauti kubwa jambo ambalo mwili wa mtoto haujui kulifanya isipokuwa katika utulivu, tena wanalidai kutoka kwa pepo huku anayesikia ni mtoto, na mtoto anaelewa kwamba ndani yake kuna kitu kichafu kinachowatisha hata watu wazima. Akirudi nyumbani na kubana tena, sasa amebana akiwa na jina la pepo.

Turudi kwa Yohana. Yesu alijibu kwamba hakutenda dhambi huyu wala wazazi wake. Kisha hakupiga kelele. Alitema mate, akafanya tope, akampaka yule mtu machoni, akamtuma kwenye birika la Siloamu akanawe. Mate, udongo, maji, na mwendo ambao mtu mwenyewe aliutembea kwa miguu yake. Kila mara ninapoweka ile chupa na mrija mezani naikumbuka sura hiyo, na siioni tiba yangu kuwa iko upande wa pili wa imani.

Mzee mwenzangu katika baraza la wazee, mtu mwadilifu aliyelea watoto wake vizuri, hakubaliani nami. Anasema nikiwaondolea watoto neno ukaidi nitawaondolea na nidhamu, na mtoto asiyezoezwa kujishinda hataweza kumtii Mungu ukubwani. Hoja yake naiheshimu kwa sababu ndani yake mna kweli. Tiba yenyewe ni nidhamu tupu. Saa ile ile kila siku, dakika zile zile, mkao ule ule, dawa bila kuruka, kwa miezi. Lakini angalia nidhamu hiyo inaishia wapi. Inamfikisha mtoto kwenye kigoda. Inampa pumzi. Baada ya hapo inanyamaza, kwa sababu kinachofuata hakiko chini ya amri ya mtu yeyote, si mama, si mimi, si mtoto mwenyewe. Tunachokiita neema kina mpaka huo huo. Mtu anaweza kujizoeza kufika ibadani, kupiga magoti, kunyamaza. Hawezi kujilazimisha kumwamini Mungu kwa kukaza moyo, na wahubiri wanaomwambia "wewe amini tu" wanamwongezea mkazo mtu ambaye shida yake ni mkazo.

Sisi Wamoravian tungepaswa kulijua hili kabla ya wengine. Askofu Yohane Amos Comenius, aliyeishi kuanzia 1592 hadi 1670, aliandika kitabu kizima kuhusu malezi ya watoto kabla ya miaka sita, na nembo iliyotumika katika kazi zake ilibeba wazo kwamba mambo yaachwe yaende kwa asili yake, mabavu yakae mbali. Mtu huyo alifukuzwa kwao, vita na tauni vikamnyang'anya mke na watoto na maktaba yake, na bado hakuhitimisha kwamba watoto wanahitaji kupigwa zaidi. Amezikwa Naarden, Uholanzi, nchi ile ile iliyokuja kupima kama mtoto anaweza kufundishwa kuachia. Babu zetu wa imani walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na urithi wake. Nautaka urithi huo ufike hadi kwenye namna tunavyoongea na mtoto aliyejichafua katika Shule ya Jumapili.

Kuamini kunafuata usalama. Hili nimelipata chumbani mwangu na sijaona lilipokanushwa popote, katika mwili au katika roho. Mtoto anaachia pale ambapo maumivu yameondolewa kweli, mtu anayempenda yuko karibu na hana haraka, na kushindwa leo hakuleti fimbo. Kama ndivyo mwili ulivyoumbwa, basi aliyeuumba hakukusudia kutuvuta kwake kwa vitisho, na mahubiri ya vitisho kwa watoto yanapingana na kazi ya mikono yake mwenyewe. Najua yapo maandiko makali. Nayasoma. Lakini mtoto aliyefundishwa kumwogopa Mungu kama anavyoliogopa lile shimo la choo atambana Mungu nje maisha yake yote, na tutamwita mkaidi.

Na lile shimo ni la kweli. Choo cha kuchuchumaa kina mkao ambao wafiziotherapia wa Ulaya wanautafuta kwa kuwawekea watoto vigoda chini ya miguu. Sisi tunao bure. Ila tundu limechimbwa kwa kipimo cha mtu mzima, ndani ni giza, mlango hauna komeo, na Juni na Julai baridi ya Mbeya inafanya kuvua nguo alfajiri kuwe adhabu. Kipimo cha serikali kwa shule ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Mtoto anayehitaji dakika kumi za utulivu, na foleni ya wenzake inagonga mlango, anajifunza kubana hadi arudi nyumbani. Kwa hiyo nimepeleka ombi kwenye baraza letu: choo cha watoto karibu na darasa la Shule ya Jumapili, tundu dogo, mlango wenye komeo la ndani, dirisha la mwanga. Niliulizwa lina uhusiano gani na Injili. Nikaifungua ile sura ya 23 ya Kumbukumbu la Torati, nikaomba isomwe kwa sauti. Milango imekubaliwa. Tundu dogo linasubiri fundi na saruji.

Juzi mama mmoja alinifuata baada ya ibada, akaniuliza kama ni vibaya kuliombea tatizo la choo la mwanawe kwa kulitaja jina mbele za watu. Nilimwambia amuulize kwanza mwanawe, kwa sababu siri ni ya mwanawe. Kama hataki, waombe nyumbani, wawili, na walitaje kwa jina bila kulizunguka. Akauliza kama wakishaomba aache laktulosi, maana mtoto ameanza kupata choo. Nikamwambia asiache. Iendelee angalau miezi miwili, na katika hiyo apite mwezi mzima bila dalili yoyote, ndipo tuipunguze kidogo kidogo huku mapovu yanaendelea. Akasema chupa ya kwanza imebaki robo na hana ya pili. Akina mama wa ushirika wameichangia Jumatano. Ya tatu bado tunaitafutia.